KUSAFISHA VIOO KWA MZUNGUKO: MANENO YALIYOSEMWA KIKAO CHA TAWI

*Taarifa kwa wanachama wote.* Kwa kuwa wengi hamkufika Jumamosi, Katibu ameagiza maneno ya mjumbe wetu wa Kamati ya Uchumi yarushwe humu kama alivyoyasema. Msomeeni na asiye na simu kubwa. Maswali yaletwe kwa Katibu Hamasa, si kwenye kundi la misiba.

 

Nimeombwa nizungumze kwa sababu kikao kilichopita vijana walileta hoja. Wanataka kuunda kikundi, waombe mkopo wa halmashauri, wanunue mashine ya kupiga maji kwa presha na ngazi ndefu, waanze kusafisha vioo hapa Korogwe mjini na Handeni. Wazee wawili wakacheka. Mmoja akasema dirisha la nyumba yake anafuta mkewe kwa kanga kuukuu, nani atamlipa mtu kwa hilo. Hoja ikaahirishwa. Mimi kazi hiyo naifanya mwaka wa sita sasa, watoto wanakula humo, ndiyo maana Mwenyekiti kanisimamisha.

Msimamo wangu nautoa mapema, asije mtu akauvizia mwishoni. Kazi ipo. Ila mmeanzia mkiani. Mkopo na mashine vije baadaye, kwanza tengenezeni mzunguko.

Mzunguko ni nini? Ninyi mnajua gulio linavyokwenda: leo kijiji hiki, kesho kutwa kile, na mnunuzi anajua siku yake bila kupigiwa simu. Muuza maziwa anayepita na baiskeli asubuhi ni hivyo hivyo, hatafuti wateja kila kukicha, anawafuata wale wale. Kusafisha vioo kunalipa kwa njia hiyo. Ukimfutia mtu vioo mara moja ukaondoka, hicho ni kibarua. Ukikubaliana naye kwamba kila Jumanne ya kwanza ya mwezi utakuwa mlangoni kwake saa mbili asubuhi, na jirani yake saa tatu, na wa tatu saa nne, hapo una kazi. Uingereza watu wanauziana mizunguko hiyo kama duka: mzee akistaafu anamuuzia kijana daftari lenye mitaa, majina na tarehe. Thamani iko kwenye daftari, ndoo anaweza kumwachia bure.

Sasa wateja wako wapi? Mzee wangu aliyecheka ana haki kidogo, nyumba ya kawaida yenye madirisha manne haitawaweka mjini. Lakini tembeeni Manundu kutoka stendi, mhesabu. Usihesabu nyumba, hesabu vioo. Maduka ya simu, maduka ya dawa, saluni, nyumba za wageni, ofisi za mawakala wa mabasi, benki, migahawa ya barabarani inayopokea abiria wa Arusha, Moshi na Lushoto. Miaka 15 iliyopita mlango wa duka ulikuwa wa mbao au wa geti. Leo kila fremu mpya inawekwa kioo na aluminiamu kuanzia chini mpaka juu. Mwenye duka amelipia kioo ili bidhaa zionekane, na vumbi la magari limekifunika ndani ya siku tatu. Huyo ndiye mteja. Handeni nendeni Chanika mhesabu vilevile, mkitoka hapo pitieni Mkata na Kabuku, kule kwenye barabara kuu.

Na hesabuni mtaa mmoja mpaka uishe kabla ya kwenda mwingine. Kijana anapata mteja mmoja Manundu, mmoja Majengo, mmoja Mombo, anaona ameenea. Hajaenea, ametawanyika. Nauli na bodaboda vinakula kila kitu. Kutoka hapa mpaka Handeni ni kilomita 65 hivi za lami, huwezi kwenda kufuta vioo vya duka moja ukarudi. Nenda siku moja nzima, na usiende kabla hujapata wateja wa kujaza siku hiyo. Kwa maoni yangu kikundi kigawanyike, wa Handeni wabaki Handeni na daftari lao.

Bei. Hapa vijana wengi huangukia kubahatisha kwa kuangalia sura ya mteja. Tozeni kwa kioo, na upande wa nje na wa ndani uhesabiwe mbalimbali. Tuseme nyumba ya wageni ina vyumba 12, kila chumba dirisha moja la vioo viwili vya kusukuma. Hivyo ni vioo 24, kwa pande mbili ni 48. Ukisema 300 kwa upande, ni shilingi 14,400 kwa safari moja. Wawili mnaimaliza kabla ya adhuhuri. Mara ya kwanza toza zaidi, hata mara mbili, kwa sababu unatoa uchafu wa miaka: rangi ya fundi, sementi, gundi. Mwambie mteja wazi kwamba safari ya pili itashuka, mradi akubali tarehe. Akikataa tarehe, bei ya kwanza inabaki pale pale. Namna hiyo bei yenyewe inamvuta aingie kwenye mzunguko, wala humlazimishi.

Pesa ichukuliwe siku hiyo hiyo. Deni la vioo ni baya kuliko la mchele, maana mchele umeliwa na anakumbuka, kioo kikichafuka tena anaona hukufanya kitu. Fungueni lipa namba ya kikundi, isiwe simu ya mweka hazina. Mwenye nyumba ya wageni anaishi Tanga au Dar, meneja hana fedha mkononi, lakini bosi anaweza kulipa kwa simu papo hapo mkimtumia picha ya kabla na baada.

Daftari liwe na mistari hii kwa kila mteja: jina la mahali, idadi ya vioo, bei, tarehe ya mwisho, tarehe ijayo, amelipa au bado, na jambo la pekee. Jambo la pekee ndilo linalowashinda wengi kuandika. "Kioo cha kushoto kina ufa tangu zamani." Hilo liandike na mteja alione siku ya kwanza, maana siku ya nne kioo kitakuwa umekipasua wewe. "Mbwa anafunguliwa saa kumi." "Mama yuko eda, usiingie uani." Andika.

Nije kwenye maji, na hapa naomba wa Handeni wanisikilize kwa utulivu.

Handeni maji ni siasa tangu enzi za bomba kubwa la HTM lililochota Mto Pangani huku kwetu Korogwe katika miaka ya 1970. Hata mradi wa miji 28 umeiweka Handeni ndani ili watu wapumue. Sasa fikirieni: mama amepanga foleni ya dumu, halafu anapita kijana wa Chama anamwagia kioo cha duka maji kwa mashine ya presha. Hata kama maji ni yako umeyanunua, umeshajimaliza na umetumaliza na sisi. Ndiyo sababu siitaki ile mashine. Si kwa Handeni tu, kwa kazi yenyewe haifai: inarusha tope ukutani, inaingiza maji kwenye soketi, inang'oa mpira wa dirisha, na kioo kikikauka kinabaki na madoa.

Kioo hakihitaji maji mengi, kinahitaji maji kidogo yaondolewe yote. Kifaa ni ule mpira mnyoofu wenye mpini, mafundi wengine wanauita skwiza, lakini mtafute mdogo wa vioo, si ule mkubwa wa kukokotea maji sakafuni. Aliyeutengeneza wa shaba, mwepesi, unaotumika duniani kote mpaka sasa ni mhamiaji wa Kiitaliano kule California, Ettore Steccone, akaupatia hataza mwaka 1936. Alikuwa mfuta vioo kama sisi, amechoka na chuma kizito cha zamani. Basi: sifongo lililokamuliwa, sabuni matone machache, paka kioo chote, kisha vuta mpira kutoka juu kwenda chini, kila mvuto ufute ncha ya mpira kwa kitambaa kikavu. Kwa ndoo ya lita 10 mimi namaliza vioo 20 vya kawaida. Dumu moja la lita 20 nalibeba kutoka kwangu, simwombi mteja maji. Handeni neno hilo peke yake, "nakuja na maji yangu," limenipa kazi ambazo mwenye ngazi ndefu alizikosa. Yakishachafuka, mwagia mti au osha baraza.

Maji ya kisima yenye chumvi yataacha alama nyeupe hata ufute vipi. Kingeni maji ya mvua. Masika na vuli kila bati ni bomba, jazeni mapipa na myafunike. Wazungu wana mitambo ya kuchuja maji mpaka chumvi yote itoke, wanayapandisha kwa fimbo ndefu na kuacha kioo kijikaukie bila kufutwa. Sisi tunashushiwa maji yanayokaribia hayo, bure, tunayaacha yaende mtaroni. Doa la chumvi lililokwisha kukomaa lipake siki, liache dakika chache, kisha sugua kwa sifongo laini.

Sabuni. Akina mama wa tawi wanatengeneza sabuni ya maji na ni nzuri kwa vyombo, naomba tuendelee kuwaunga mkono. Lakini ile inazitoshwa kwa chumvi, na chumvi kwenye kioo ni michirizi. Nimezungumza na mwenyekiti wao, wanaweza kututengenezea nyepesi isiyotiwa chumvi, iwe kama maji tu. Haitapendeza kwenye chupa, ila kwenye kioo itatufaa. Hiyo nayo ni biashara yao.

Kabla ya maji, vumbi litolewe kwa brashi kavu. Vumbi letu lina mchanga, ukilisugua likiwa bichi unakwaruza kioo cha mtu. Jua kali nalo ni adui, sabuni inakauka kabla hujaivuta. Asubuhi anzeni upande wa magharibi wa jengo, mchana mhamie mashariki, mfuate kivuli. Wembe wa kukwangua rangi utumike kioo kikiwa kimelowa tu, na usiguse kioo chenye tinti, utaichana utakuja kuilipa. Steelwire ya masufuria ibaki jikoni.

Mtakayoyaona kwenye video za simu hayana nondo. Madirisha yetu yana nondo nje na wavu wa mbu katikati, kwa hiyo mpira wa inchi 14 ule wa kifahari hautapita. Nunueni wa inchi 6 au 8. Wavu utolewe kwanza, upigwe vumbi mbali na dirisha, usuguliwe, ukauke wakati unafuta kioo. Mteja anayelala kwenye joto la Korogwe atakushukuru kwa wavu kuliko kwa kioo, upepo unaingia. Mimi wavu nautoza peke yake. Zile luva za majengo ya zamani, shule na zahanati, funga kitambaa mkononi kama glovu, fungua luva zikae bapa, futa juu na chini kwa mkupuo mmoja huku mkono wa pili umeshika chini yake. Vishikio vyake vimelegea kwa kutu, kipande kinachomoka kinakata kama kisu. Glovu ngumu ni lazima.

Mabango ya kampeni. Tucheke lakini tuseme. Yamebandikwa kwenye vioo vya watu kwa uji wa unga na gundi, yetu na ya wenzetu. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, subiri, yatoke yenyewe, usikwangue makavu. Kipindi kijacho cha kampeni tawi libandike mbao zake, liache madirisha ya watu.

Ngazi. Hapa sina mzaha. Mzunguko wetu uishie pale mkono na fimbo vinapofika ukiwa umesimama chini. Ghorofa waachieni wenye mikanda na mafunzo. Mtasikia kwamba Dubai kuna jengo la Burj Khalifa, mita 828, na watu wanalifuta kwa kuning'inia. Ni kweli, na wana mitambo iliyojengwa ndani ya jengo lenyewe pamoja na watu wa uokoaji. Ninyi mna ngazi ya miti iliyoazimwa kwa fundi paa. Kijana akianguka akavunjika nyonga, faida ya kikundi ya mwaka mzima itaishia hospitali, na yeye hatarudi kama alivyokuwa. Fimbo ndefu isiwe ya chuma wala aluminiamu palipo na nyaya za umeme. Na vioo vya mabasi pale stendi, dereva akubali kwanza na injini izimwe. Wale wanaokimbilia basi linalotembea wakirusha sabuni kwenye kioo cha mbele si wa kikundi chetu, na wasije wakawa.

Sasa mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na baada ya kusimamishwa Aprili 2023 ilirejea mwaka 2024. Ni haki yenu kuomba. Lakini ni mkopo. Wapo wanaouita fedha za Chama, wengine wanasema ni asante ya kampeni, na wote wanajidanganya: usiporudisha, kikundi cha wenzako kinachofuata ndicho kinachokosa. Vifaa vya kuanzia, ndoo mbili, mipira, sifongo, brashi, vitambaa, glovu, vijana watano wanaweza kuvichangia bila kukopa. Anzeni. Fanyeni miezi mitatu. Halafu mwende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na daftari lenye wateja 30 na tarehe zao. Mkopo unaombwa kukuza kitu kilichopo, na marejesho yatatoka kwa wateja mnaowajua majina.

Kikundi kikisajiliwa na kikiwa na TIN, angalieni pia ofisi za umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Maombi yanapita kwenye mfumo wa NeST, hakuna bahasha kupitishwa chini ya meza wala kumpigia simu diwani. Diwani wetu yuko hapa, amenisikia. Ila nawatahadharisha, ofisi za umma hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo zisizidi sehemu ndogo ya mzunguko. Duka la dawa linalolipa 6,000 kila mwezi siku ile ile ndilo litakaloleta unga nyumbani.

La tabia nitalisema kwa ufupi. Piga hodi, subiri, salimia. Mkiwa mnaingia nyumba ya mtu mwende wawili, mmoja wenu awe binti, maana baba mwenye nyumba hayupo mchana. Muwe na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Unachokiona dirishani kibaki huko huko, mfuta vioo anaona mengi. Na msivae fulana za Chama kazini. Najua wengine hamtapenda. Mwenye duka wa chama kingine naye ana vumbi, na aliyekupa ufunguo wa stoo yake hakukupa kura. Ikitokea kitu kimepotea, wewe unaweza kujitetea kama kijana wa fulani, lakini ukiwa na fulana tumeibiwa jina sote.

Ofisi ya tawi ina madirisha sita, nimeyaona yalivyo. Kikundi kiyaweke kwenye daftari, na ofisi ilipe kama wengine. Ndugu Katibu ananitazama.

Nimalizie na kalenda. Wiki ya mwisho ya Ramadhani na wiki mbili kabla ya Krismasi kila mtu atawataka, hata wasio na mzunguko. Wateja wa daftari watangulie, hao wa msimu walipe bei ya mara ya kwanza. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, vumbi linawaongezea kazi, pendekezeni kila wiki mbili. Masika wateja watasema mvua inaosha. Mvua inaosha bati, kioo cha chini inakirushia tope. Msipunguze bei, badilisheni siku.

Ombi langu kwa kikao: hoja ya mkopo isipigiwe kura leo. Kila kijana aliyejiandikisha achague mtaa mmoja, Korogwe au Handeni, auhesabu vioo vyake mlango kwa mlango, aandike ni wangapi wamekubali tarehe. Tukutane Jumamosi ya wiki ya tatu, saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Mje na madaftari, na ndoo moja, nitaonyesha kuvuta mpira kwenye madirisha hayo sita.

*Imerushwa kwa niaba ya Katibu wa Tawi. Majina ya vijana na mitaa waliyochagua yapokelewe kabla ya Ijumaa. Mitaa ya Chanika bado haina watu, wa Handeni jitokezeni.*